Daftari la Pili

Daftari la kwanza ni la sukari, samli na kuni,
la wanaokopa kilo mbili za arusi kisha wakapita njia ya nyuma.
Hili la pili nalificha chini ya gunia la wanga.
Baba hajui kama lipo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake:
hivyo tulifunzwa.
Basi mimi nimesukwa kwa nywele za watu,
na leo, duka limefungwa, masika yanapiga bati la Wete,
nahesabu msuko mmoja mmoja.

Makame wa Mkoani: ganda la ndimu.
Nilinunua halua yake nikijifanya msafiri,
nikaila gatini polepole, ulimi ukipekua
kama karani wa forodha.
Iliki, ndiyo. Kungumanga, ndiyo.
Na kitu cha tatu, kilichopita kwa kunyatia.
Wiki ile ile sufuria yetu ikanukia hivyo.
Deni hili sijalilipa. Nikikutana naye
humwamkia mara mbili.

Zuwena wa duka la dawa: vikopo.
Alikuwa akihesabu vidonge, nami nasubiri dawa ya chango,
nikasikia kifuniko kinavyosema ta! kikatulia.
Halua yetu ilikuwa ikifika Tanga na sisimizi wake.
"Hivi unanunua wapi?"
Akanipa namba ya simu, na karipio: nisiruke foleni.
Wateja wakagoma. Halua bila kikapu, walisema, ni jamu.
Tukavivisha vikopo vikapu vya ukindu,
kama mtoto anavyovishwa kanzu juu ya suruali ya skuli.
Wakanung'unika. Wakanunua.

Semina ya Gombani, siku mbili, chai na sambusa.
Bwana mwenye kalamu nne mfukoni
alisema watalii wanapenda rangi ya kijani.
Tuliipika. Kilo kumi na nne.
Mbuzi wa Bi Mize aliinusa, akaenda zake.
Hasara nayo naiandika: si kila nywele husukika.

Na Shaame. Shaame anataka ukurasa mzima.
Halua hudai saa nne za mwiko,
na bega la Baba lilikuwa likilia kabla ya saa ya pili.
Shaame fundi pikipiki alikuja kudai chenji yake ya mia tano,
akasimama, akautazama ule mkono unavyozunguka,
akasema, kama anayezungumza na tairi:
"Hii kazi ya mnyororo na gia."
Baba akasema mkono ndio unaojua
halua inapokuwa nzito, inapoachana na sufuria.
Sikujibu. Nilimpa Shaame chenji yake,
na mota ya pampu iliyokuwa imekufa nusu.

Sufuria ya kwanza iliungua.
Mota haikuwa na bega, haikujua kuchoka,
kwa hiyo haikujua kuacha. Mtaa mzima ulikohoa.
Baba hakusema "niliwaambia".
Alikaa kwenye gunia, mgongo kwenye moto, tasbihi mkononi,
tukawasha ya pili.
Saa ya nne haijatimia, akainua kidole.
"Punguzeni moto."
Hajageuka hata kidogo.
Mota ilikuwa imebadili sauti,
inakoroma chini chini, kama alivyokuwa akikoroma yeye
mwiko ulipomshinda.
"Sasa imeachana," akasema.

Hapa ndipo kalamu hunikwama.
Nani amkopeshe nani? Gia sikio, au sikio gia?

Jana kijana wa tanuri la boflo alikuja na kipande cha karatasi,
anataka kuuchora mnyororo wetu.
Nikaanza kutafuta uongo wa kumwambia.
Baba akamvutia gunia akae, lile la wanga.
Daftari likabaki wazi sakafuni.
Akalisukuma kwa mguu, likarudi chini,
wala hakunitazama.
"Karatasi weka kando," akamwambia mgeni.
"Kwanza sikiliza."